Karani wa Mizani Anapima Jua

Miaka ishirini na miwili nilipima korosho za watu
ghalani, Masasi, chama cha msingi:
gunia juu, mshale utulie, andika, shusha.
Sikumpunja mtu hata robo kilo
(waulize; wengine watabisha, ndiyo kawaida ya korosho).
Kisha nikastaafu, nikanunua mbegu za nyanya,
pakiti yenye picha nyekundu kuliko ukweli.

Nikazipanda chini ya mkorosho, nyuma ya jiko,
mahali ninapopenda kuweka kiti.
Pana ubaridi pale. Nikasema, zitapumzika.
Miche ikaota, ikanishukuru wiki mbili,
halafu ikaanza kurefuka, kurefuka,
shingo nyembamba, majani rangi ya maji ya mchele,
yote imeinamia upande mmoja
kama watu dirishani wanaochungulia ugomvi wa jirani.
Ua moja. Likadondoka.
Nikaongeza samadi. Nikaongeza maji.
Mgonjwa ana njaa, mimi namwongezea shuka.

Bi Asinati Likwata alikuja kuazima jembe,
akatazama, akajizuia, akacheka alipofika njiani.
Kisha akarudi.
"Karani, umepanda panapokufaa wewe.
Nyanya haili ubaridi. Ipe jua saa sita, saba ukiweza.
Bamia vilevile, na pilipili, na bilinganya.
Mchicha utavumilia nne. Giligilani
ukiianika kutwa itakukimbilia kwenye maua."
Saa sita! Nilidhani anasema adhuhuri.
"Si saa ya kutazama," akasema. "Saa za kuhesabu."

Basi nikapima. Lakini jua halina gunia,
halining'inii kwenye ndoano.
Nikaokota kokoto nyeupe,
na kila redio ilipotaja saa
nikaweka moja pale kivuli kilipokomea.
Kunakucha saa kumi na mbili, ila kwetu
kilima cha mawe hulishikilia jua hadi saa mbili kasoro,
kama mwenye ghala aliyechelewa na ufunguo.
Paa la jiko linakata lake. Choo nacho, ushuru.
Kuanzia saa nne mkorosho unachukua kilichobaki.
Jioni nikajumlisha kwenye daftari:
chini ya mkorosho, saa moja na nusu,
tena ya vipande vipande,
sarafu zinazopenya tundu la mfuko.
Nilikuwa nimezipunja nyanya. Mimi.

Kokoto zilikubaliana mahali pamoja tu, saa saba kamili:
kusini mwa nyumba, chini ya kamba ya nguo ya Swaumu.
Nikampelekea daftari.
Hakulishika, mikono ina povu.
"Khanga za hapo hukauka kabla ya adhana ya adhuhuri.
Miaka yote hii, ulidhani nimepapenda kwa nini?"

Tukapatana, si kwa urahisi.
Nyanya kwenye ncha ya mashariki,
mchicha chini ya nguo,
kwenye kivuli kinachopepea kisichokaa,
na shuka la kitanda lisianikwe siku ya kumwagilia.
Mwezi wa tano tulikula kachumbari ya kwetu.
Nilijisifu hadi kwa muuza mafuta ya taa.

Kisha ikaja Juni.
Siku moja, mchana, natoka na ndoo,
kivuli cha ukuta kimelala juu ya nyanya zangu,
hatua mbili nzima, kimetulia kama mgeni asiyeaga.
Kokoto zangu zipo vilevile, nyeupe, zinadanganya.
Jua limehamia kaskazini
na halikunikatia stakabadhi.

Nikamwita Swaumu aje aone.
Hakuitika. Alikuwa upande wa pili wa nyumba,
anafunga kamba kwenye misumari mingine,
misumari ya zamani, yenye kutu,
ambayo kila mwaka nilikuwa naiona
na kukusudia kuing'oa.